Kamera ya Lubega Haina Kaseti

Tuanze kwa kumtendea haki Lubega: hakuwa mwizi. Mwizi huingia bila kualikwa. Lubega alialikwa kwa kadi, akapewa kiti cha mbele na soda baridi, na alipoondoka wenyeji walimsindikiza hadi barabarani. Kazi yake ilikuwa kupiga video za harusi mjini Juba, na kwa miezi mitano sasa alikuwa akizipiga kwa kamera isiyo na kaseti ndani.

Msimlaani haraka. Kaseti zilitoka Kampala kwa basi, bei yake ilikuwa ya kuumiza roho, na ya mwisho aliimaliza kwenye harusi moja ya mtaa wa Lemon Gaba ambako bwana harusi alitoroka bila kumlipa. Lubega akakaa akafikiri. Katika miaka ile ya amani mpya, kila mtu Juba alijua kwamba ukitembea na kamera bila kibali unaweza kuulizwa maswali, tena marefu. Kila ukoo ulikuwa na hadithi ya binamu aliyepiga picha karibu na daraja akajuta. Basi Lubega alipiga harusi yako toka kanisani mpaka kwenye keki, akalala chini kutafuta viatu vya bibi harusi, akapanda meza, jasho likamtoka kweli kweli. Baada ya siku tatu alikuja kwako na uso wa msiba.

"Ssebo, watu ya usalama imechukua kaseti. Mimi nimelia barabarani kama mtoto."

Nani angekwenda kuwauliza watu wa usalama? Wenye harusi walimpa pole, wengine wakamwongezea nauli. Watu wa usalama wenyewe, maskini, hawakuwa na habari.

Alichukua tahadhari moja tu. Kamera ya aina ile ina kitaa chekundu mbele, ambacho huwaka inaponasa. Lubega alikiziba kwa karatasi nyeusi ya gundi, asije akaulizwa kwa nini hakiwaki. Kitundu cha kuchungulia alikitia jicho kwa heshima ya kazi, lakini jicho hilo alilifumba. Lile lingine ndilo lililofanya kazi, nalo lilitazama mifuko ya watu.

Sasa, siku moja ya mwaka 2009, Lubega alikuwa amekaa kwa Mukasa, Mganda mwenzake aliyeuza chapati na maharage katika kibanda cha mabati pale mtaa wa Gudele, mkabala na lango la Sekondari ya Mwanga Mpya. Hakuwa na harusi wiki ile, kwa hiyo alikuwa akitafuna polepole. Akaingia Mwalimu Mkuu wa shule, Mwalimu Mawien, na barua mkononi na viatu vyeupe miguuni. Viatu vile viwekeni akilini. Hakuna mtu mwingine aliyethubutu kuvaa viatu vyeupe katika vumbi la Gudele.

"Mukasa, sikiliza mambo haya," alisema Mawien, ambaye alikulia Kitale na Kiswahili chake alikileta kutoka huko huko. "Kuna shirika linataka wanafunzi watengeneze filamu fupi ya kupinga rushwa. Shule itakayoshinda inachimbiwa kisima cha pampu. Kisima, bwana! Filamu inatakiwa Jumamosi ya wiki ijayo."

"Kumbe iko kitu nzuri," alisema Mukasa.

"Nzuri sana. Shida ni kamera. Tutaitoa wapi?"

Lubega akaiweka chapati chini. Kwa Lubega, kuiacha chapati nusu lilikuwa jambo la uzito mkubwa.

"Mwalimu," alisema, akajifuta vidole kimoja kimoja, "mimi iko dairekta."

Mawien alimtazama. Akaitazama kamera iliyoning'inia kifuani kwake.

"Kazi yako ni pesa ngapi?"

"Bure."

"Bure?"

"Rushwa ni kitu mbaya sana, Mwalimu. Mimi nachukia hiyo kitu mpaka chakula haishuki." Akameza mate kuonyesha jinsi kisivyoshuka. "Hii ni sadaka yangu kwa watoto ya amani mpya."

Mwalimu Mawien nusura alie. Alimwagizia chapati ya pili.

*

Kisima kile hakikuwa cha mapambo. Mwanga Mpya haikuwa na maji. Kila asubuhi lori la maji lilisimama karibu na soko dogo, na wasichana wa shule walipelekwa na madumu kuchota ya kupikia, ya kudekia na ya walimu kunawa. Wavulana waliingia darasani. Wasichana waliingia kipindi kikiwa kimekwisha, na kipindi hicho kilikuwa hisabati. Mwisho wa mwaka walimu walisema wasichana hawana akili ya hesabu.

Jambo hilo lilimuudhi Ayak kuliko mtu yeyote. Ayak alikuwa kidato cha pili, miaka kumi na sita, amerudi kutoka Kitale mwaka mmoja tu uliopita. Huko Kenya alikuwa katika kikundi cha maigizo, na kikundi kilikuwa na kamera ya mwalimu, kwa hiyo kamera hakuiogopa. Yeye ndiye aliyeandika filamu. Aliiita "Hapana". Mjane anakwenda ofisini mara nne kufuata karatasi ya kiwanja chake, na mara nne mheshimiwa anaomba chai. Mara ya tano anakuja na binti yake, na binti anasimama mlangoni na kusema hapana, kwa sauti inayofanya ofisi nzima igeuke. Ayak alijiandikia nafasi ya binti. Aliifanyia mazoezi alipokuwa na dumu kichwani.

Lubega alisoma karatasi zile, akatikisa kichwa kwa kicho.

"Hii mtoto iko na kipaji," alimwambia Mawien. "Lakini ngoja nipange waigizaji. Hiyo kazi ni ya dairekta."

Akaanza kupanga. Alipanga nyuma ya choo cha walimu, mtu mmoja mmoja.

Wa kwanza alikuwa Mzee Marial, muuza saruji, mtu wa pete kubwa na sauti kubwa zaidi, ambaye mwanawe Puok alisoma pale.

"Nataka mtoto wangu awe yule mbaya," alisema Marial.

"Mzee, yule mbaya iko na bei."

"Ajabu! Mbaya awe ghali kuliko mwema?"

"Fikiria, Mzee. Mwema anavaa nini? Kandambili. Anakaa wapi? Chini. Mbaya anavaa suti, anapanda Landikruza, anakunywa soda watu yote wakimwangalia. Halafu maneno yote ya kizungu ni ya kwake."

Mzee Marial alifikiri. Aliona ukweli wa jambo hilo, si katika filamu tu. Akatia mkono mfukoni, na filamu ya kupinga rushwa ikapata mla rushwa wake kwa njia hiyo ambayo mwandishi wa habari hizi hana la kuiongezea.

Nafasi ya binti ilikwenda kwa msichana aitwaye Abuk, ambaye hakuitaka. Aliyeitaka ni shangazi yake, naye aliahidi kuku mzima. Mwalimu Mawien mwenyewe alikuwa na hotuba ya dakika moja mwishoni mwa filamu. Akaomba iwe dakika tano. Lubega alisema dakika nne za nyongeza zinakula umeme mwingi, na Mawien, baada ya kuangalia kushoto na kulia, akakumbuka kwamba kwenye stoo ya shule kuna dumu la mafuta ya jenereta.

"Na mimi, Anko?" Ayak aliuliza. "Mimi naigiza nani?"

"Wewe?" Lubega alimtazama. Mama yake Ayak alikuwa anauza karanga; hapakuwa na kuku wala dumu. "Wewe ni msaidizi wa dairekta. Utabeba kamera nikienda kula. Hiyo ni kazi kubwa, iko na heshima."

Ayak alisema sawa. Hakuwa sawa. Alikwenda nyuma ya darasa akaupiga teke ukuta mpaka kidole kikauma.

*

Kazi ilianza Jumatano. Mchana Lubega alivuka barabara kwenda kwa Mukasa, akamwachia Ayak kamera. Ayak aliipima mkononi, akaona wepesi wake haueleweki. Akafungua kimlango cha pembeni. Ndani mlikuwa na vumbi.

Aliangalia tena, labda macho yake yalikuwa na kasoro. Vumbi lile lile. Asubuhi nzima Puok alikuwa ametukana watu kwa suti ya baba yake, mjane amelia machozi ya vitunguu, Lubega amelala kifudifudi akipiga kelele "Ekshen!", na vyote hivyo vilikuwa vimekwenda na upepo.

Mnaweza kusema: si angemwambia Mwalimu Mkuu? Ayak alilifikiria. Mawien angemuuliza Lubega, Lubega angeapa kwamba leo ilikuwa mazoezi tu, na wakigombana ataondoka na kamera yake. Juba nzima hakuna kamera nyingine watakayopewa. Jumamosi itafika, shule itakwenda mikono mitupu, na Jumatatu wasichana watasimama tena kwenye lori. Ayak hakutaka kumshika Lubega. Alitaka filamu.

Na kaseti alikuwa nayo.

Ilikuwa nyumbani, ndani ya kopo la maziwa. Mwalimu wake wa Kitale alimpa siku ya kuaga: tamasha la maigizo, Ayak akiwa na miaka kumi na miwili jukwaani, na katika safu ya mbele nyanya yake aliyemlea, amefunga kitambaa cha njano, anapunga mkono bila aibu, watoto wengine wakicheka. Nyanya alizikwa huko huko Kitale. Hakuna picha nyingine yake duniani. Na Ayak, kwa kukosa mashine, hakuwahi kuitazama kaseti ile hata mara moja tangu arudi. Alikuwa analifungua kopo, anaishika kaseti, anairudisha.

Jioni hiyo aliishika muda mrefu. Ukinasa kitu kipya kwenye kaseti, cha zamani kinafutika. Hilo alilijua vizuri. Alilia, akajifuta, akalia tena. Kisha akaitia mfukoni mwa sketi ya shule.

Alhamisi mchana, Lubega alipovuka barabara, Ayak aliitia kaseti ndani ya kamera, akairudisha mwanzo, akasikiliza mpaka ikasimama, akabonyeza kitufe kujaribu. Kamera ikanguruma kidogo, inanasa. Furaha ikampanda.

"Weye!" Lubega alipiga kelele kutoka ng'ambo, amekwisha kula mapema kuliko siku zote. "Leta mashine! Jua inaondoka!"

Ayak alishtuka, akamkimbilia, akamkabidhi. Kamera ilikuwa bado inanguruma.

Mchana ule ulikuwa mzuri kuliko siku zote. Puok aliomba chai kwa kiburi cha kuogopesha. Abuk alisimama mlangoni akasema hapana, na ingawa aliisema kama mtu anayekataa uji, ilisikika. Mawien alihutubu dakika tano na nusu. Kila walipoanza Lubega alisema "Ekshen!" na kubonyeza kitufe, na kila walipomaliza alibonyeza tena na kusema "Kata!", kwa sababu mtu wa kazi yake lazima aonekane anafanya kazi. Katikati ya hayo kamera ilining'inia kifuani pake, naye akazunguka kukusanya vilivyobaki, maana watu wengi walikuwa wameahidi kumalizia siku hiyo.

Kazi ilipokwisha alimpa Ayak kamera aifute vumbi. Ayak aliifuta vizuri sana. Aliporudisha, ilikuwa nyepesi tena.

*

Ijumaa asubuhi Lubega alifika shuleni na uso wa msiba.

"Mwalimu, jana nikipita na boda boda karibu na daraja, watu ya usalama..." Hakuweza kumaliza. Alishika ukuta.

Mawien alikaa chini kwenye vumbi na suruali yake ya kazi.

"Khalas," alisema. "Kisima kimekwenda."

"Usikate tamaa, Mwalimu. Kesho mimi mwenyewe nitasimama mbele ya ile shirika nieleze. Watatuonea huruma. Watu watachanga tena kidogo tu, tupige upya."

Msomaji ataona kwamba Lubega angeweza kupanda basi la Kampala siku hiyo hiyo, akaenda na vyake. Lakini alikuwa ameuma mara moja, na utamu ulikuwa bado mdomoni.

Ayak alikuwa amesimama dirishani na kaseti mfukoni. Kengele ya mwisho ilipolia alikimbia, akapanda basi dogo hadi mjini, akateremka akakata mitaa mpaka Juba Na Bari, kwenye studio ya picha ya Fortunate, Mganda mnene mwenye jenereta lake na mashine za kila aina.

"Anti, naomba unionyeshee kaseti. Sina pesa. Nitakufagilia duka mwezi mzima."

"Kaa," alisema Fortunate.

Picha ikatokea. Ilionyesha vumbi la barabara na vidole vya Ayak mwenyewe. Kisha tumbo la Lubega. Kisha sauti: "Ekshen!" Na picha ikakatika. Mara: "Kata!" Na picha ikarudi. Viatu, mikono, kuku.

Ayak alielewa pale pale. Alipomkabidhi Lubega kamera ilikuwa inanasa. Kubonyeza kwake kwa kwanza kuliisimamisha, na kwa pili kuliiwasha, na ikaendelea hivyo mchana kutwa, kinyumenyume. Filamu yake haikuwemo. Ile hapana ya Abuk haikuwemo. Kilichokuwemo ni katikati tu, takataka, dakika baada ya dakika za takataka, na chini ya takataka hizo alikuwa amemfuta nyanya yake.

"Zima, Anti," alisema. "Tafadhali zima." Aliweka kichwa juu ya meza akalia kwa sauti, bila kujali wateja.

Fortunate hakuzima. Fortunate alikuwa ameshika meza kwa mikono miwili na machozi yakimtoka pia, lakini yake yalikuwa ya kicheko.

"Banange! Hii sauti naijua! Si Lubega huyu? Alipiga harusi ya dada yangu Josline, akasema kaseti imechukuliwa! Dada yangu mpaka leo analia!" Akaisimamisha kaseti. "Mtoto, inua kichwa. Ulitaka filamu ya nini wewe?"

"Ya rushwa," alisema Ayak, kamasi zikimtoka.

"Basi angalia tena. Sikiliza wanachosema."

Ayak akaangalia tena. Baada ya dakika tatu aliacha kulia. Baada ya tano, akaomba karatasi.

*

Jumamosi saa nne asubuhi ukumbi wa kanisa ulikuwa umejaa. Madirisha yalizibwa kwa mablanketi ili picha ionekane, na joto lilikuwa la kuchemshia mayai. Shirika lilimtuma Madamu Janepher, mwanamke wa miwani na daftari, pamoja na majaji wawili waliokuwa wanajipepea. Shule tatu zilionyesha filamu zao. Katika zote tatu mla rushwa alikamatwa, akatubu, akaimba.

Zamu ya Mwanga Mpya ilipofika, Lubega alipanda jukwaani na suti ya kukodi. Alieleza habari za daraja. Alieleza alivyopiga magoti. Alipofika mahali pa kusema "nikawaambia chukueni roho yangu, mniachie kaseti ya watoto," wanawake wawili walifuta macho, na mtu mmoja mwema huko nyuma akavua kofia na kuanza kuipitisha kwa michango.

"Mwalimu!" Ilikuwa sauti ya Ayak. Alikuwa anakuja mbele, Fortunate nyuma yake. "Mwalimu, kaseti imepatikana!"

Ukumbi ukapiga vigelegele. Lubega hakupiga.

"Kaseti gani?" aliuliza.

"Ile yetu, Anko. Ile uliyoninasia Alhamisi. Ile uliyosema imechukuliwa."

Lubega alitazama mlango wa pembeni. Angesema nini? Kwamba haiwezi kupatikana kwa sababu haikuwahi kuwapo? Alisimama na maikrofoni yake, akamtazama Fortunate akiichomeka kaseti kwenye mashine ya kuonyeshea, na kwa mara ya kwanza maishani alikosa uongo.

Kwanza ilitokea karatasi iliyoandikwa kwa mkono, ikishikwa mbele ya kamera na kidole gumba cha Fortunate: "Hapana". Kisha tumbo la Lubega likaenea ukuta mzima.

Vichwa havikuonekana. Kamera ilikuwa imening'inia kifuani, ikitazama chini, kwa hiyo ilionyesha mikono na viatu. Lakini sauti zilisikika safi. Mkono wenye pete kubwa ulitoa noti. "Hii ni ya kumalizia," ilisema sauti kubwa ambayo kila mnunuzi wa saruji Juba aliijua. "Lakini ile Landikruza, akae mbele, sitaki nyuma." Watu wakaanza kugeuka kumtafuta Mzee Marial. Mzee Marial alikuwa ameingiza mkono wenye pete chini ya paja.

"Ekshen!" Kiza. "Kata!" Kuku, akilalamika. "Amekula vizuri, amenona," ilisema sauti ya shangazi. "Lakini Abuk asimame katikati, yule msichana wa karanga asionekane kabisa." Kiza tena. Halafu viatu viwili vyeupe, peupe, ukuta mzima. Hakuna haja ya kusema zaidi. "Dumu ninalo," vilinong'ona viatu vile. "Ila liondoke jioni, watoto wasilione."

Ukumbi ulivunjika kwa kicheko. Watu walishikana mabega. Jaji mmoja alianguka kutoka kwenye kiti. Kila baada ya tukio kamera iliinama pamoja na mwenyewe, na ukuta ulionyesha mkono wa Lubega ukikunja noti na kuzisukuma ndani ya soksi. Ya kushoto. Tena na tena ya kushoto.

Kisha ikasikika "Kata!" ya mwisho, vikaonekana vidole vya Ayak vikiifuta kamera vumbi, na picha ikakatika. Fortunate alinyoosha mkono kuzima.

Lakini kaseti ilikuwa haijaisha. Pale kazi ya Lubega ilipokoma, kilichokuwako tangu zamani kikaendelea. Ukuta ukawaka rangi nyingine, ya asubuhi ya Kitale, na katika safu ya mbele kulikuwa na bibi kizee mwenye kitambaa cha njano, anapunga mkono, anapunga, hachoki.

"Usizime," alisema Ayak. "Anti, usizime."

Watu walidhani ndio mwisho wa filamu, na kwa kweli ulikuwa mwisho mzuri. Bibi mmoja wa safu ya nyuma akampungia mkono bibi yule. Mwingine akapunga. Baada ya muda ukumbi mzima ulikuwa unapunga mikono, Madamu Janepher pamoja nao, na Ayak alikuwa amesimama pale chini ya ukuta analia na kucheka bila kujificha. Ilikuwa dakika moja na kidogo. Ndiyo iliyobaki.

Taa zikawashwa. Mzee Marial akasimama, shingo imevimba.

"Huyu mtu ni mwongo!" alipaza sauti. "Amenilia pesa..."

Akasita. Macho mia mbili yalimgeukia, yakiuliza pesa hizo alimpa za nini. Mzee Marial aliona shimo, na aliona amekwisha kulitia mguu mmoja.

Aliyemwokoa ni Mwalimu Mawien, kwa sababu alikuwa anajiokoa mwenyewe.

"Mzee Marial bado anaigiza!" alisema, akasimama na viatu vyake vyeupe. "Mpigieni makofi! Ndugu zangu, sisi wazazi na walimu tulikubali kuaibika mbele yenu ili watoto wajifunze. Yote mliyoyaona ni mchezo. Hata mimi."

"Mchezo, mchezo," alisema Marial haraka, akakaa.

"Mchezo mtupu," alisema shangazi wa Abuk.

"Mmeigiza kama kweli!" alisema Madamu Janepher, akiandika.

Lubega alivuta pumzi. Uso ulimrudia rangi. Kama ni mchezo, basi hakuna kesi. Aliinama kwa adabu mbele ya watu, akaanza kuteremka jukwaani kuelekea mlango wa pembeni.

"Anko, bado kitu kimoja," alisema Ayak, akachukua maikrofoni. "Madamu, Anko Lubega alituambia toka siku ya kwanza kwamba zile pesa ni vifaa vya mchezo tu, na leo mbele yenu atarudisha kila kitu. Ndipo tukakubali. Si ndiyo, Anko?"

Maneno hayo Lubega hakuyasema popote, wala siku ya kwanza wala ya mwisho. Kumbukeni kwamba Ayak alikuwa ameandika filamu ya uaminifu. Tunaomba asichunguzwe sana kwa leo.

"Ndiyo, alisema!" alipaza Mzee Marial. "Mimi shahidi!"

"Soksi!" mtu alipiga kelele kutoka nyuma. Na ukumbi ukadaka: "Soksi! Soksi! Soksi!"

Lubega alikaa kwenye ngazi ya jukwaa, akavua kiatu cha kushoto. Watu walipiga makofi. Akavuta noti ya kwanza, zikafuata nyingine, zenye joto na umbo la mguu, na kila mwenye chake akaja kuchukua huku amegeuza pua. Dumu la mafuta, alikubali, litarudi Jumatatu.

"Na kuku wangu?" aliuliza shangazi.

Lubega alitazama chini.

"Kuku aliigiza mpaka mwisho, nnyabo," alisema.

Majaji hawakukaa muda. Madamu Janepher alisema kwamba filamu ya Mwanga Mpya imekata vichwa vya watu wote na sauti ya kuku imezidi, lakini wala rushwa wa filamu nyingine walionekana ni wa kuigiza, na hawa hawakuonekana hivyo hata kidogo. Kisima kikaenda Gudele. Kisha akasema kuna zawadi ndogo ya mwigizaji bora, na majaji wote wamekubaliana bila kubishana. Lubega aliitwa jukwaani, kiatu kimoja mkononi, akapewa boksi la kaseti kumi mpya.

Wiki mbili baadaye alialikwa kupiga harusi Juba Na Bari, kwa jamaa ya Fortunate. Alilala chini, akapanda meza, kama kawaida yake. Mama wa bibi harusi alimwita pembeni, akamwomba afungue kile kimlango cha kamera. Lubega akafungua. Kaseti ilikuwemo, mpya.

"Sawa," alisema mama. "Na hiyo karatasi nyeusi hapo mbele ni ya nini?"

Lubega alimtazama. Nyuma ya mama yule wageni walikuwa wamekwisha kugeuka, na watoto walikuwa wanakuja mbio kuona. Alitia ukucha chini ya gundi akaibandua, akabonyeza kitufe, na kitaa kikawaka chekundu mbele ya watu wote.